Gongo la kriketi la laki tatu na nusu Kariakoo: nitajuaje kama ni feki?

SWALI: Binti yangu ana miaka 15 na urefu wa kama sentimita 160. Amecheza kriketi ya mpira wa tenisi shuleni, sasa anahamia mpira wa ngozi, na kocha amesema anunuliwe gongo lake mwenyewe. Kariakoo winga mmoja, yaani dalali wa mtaani, amenipeleka duka lenye gongo jeupe pee, kingo nene, mistari kumi na miwili usoni, stika za mchezaji maarufu wa India. Limeandikwa mbao ya wilo ya Kiingereza, gredi 1, saizi ya mtu mzima, kilo 1.18. Wanataka 350,000. Kuna pia familia ya Upanga inahama nchi, inauza gongo la kijana wao, saizi ya Harrow (pungufu kidogo ya mtu mzima), lililotumika misimu miwili, kwa 180,000. Hilo lina doa jekundu refu upande mmoja na limezungushiwa tepu nyeupe chini. Mimi sijawahi kucheza kriketi. Nitajuaje lipi feki, na kama kuna ubovu umejificha nitauonaje? (Mzazi, Tabata)

JIBU: Mzazi mwenzangu, umefanya la maana kuuliza kabla pesa haijatoka mfukoni. Kazi yangu ni kukarabati magongo ya kriketi hapa Dar, na mengi yanayofika kwenye meza yangu yamenunuliwa juzi tu. Mzazi amelipa, mtoto amefanya mazoezi kidogo, ncha ya chini imepasuka, na aliyeuza anasema mzigo ukishatoka dukani haurudi. Inaniuma, kwa sababu karibu kila mara dalili zilikuwa zinaonekana siku ile ile ya kununua. Na tangu vijana wetu wa chini ya miaka 19 walipofuzu mwaka 2025 kwenda Kombe la Dunia la umri huo kwa mara ya kwanza, wazazi wanaouliza wameongezeka, na wauzaji nao wameliona soko.

Nianze na bei, maana hapo ndipo gongo la Kariakoo linapoanza kujikanyaga. Gongo jipya la wilo ya Kiingereza gredi 1, saizi ya mtu mzima, kutoka kampuni inayojulikana, huko Uingereza kwenyewe linauzwa kwa zaidi ya pauni 300, na yapo yanayopita 500. Geuza hizo pauni kuwa shilingi, ongeza usafiri na ushuru, unaingia kwenye milioni. Yanayotengenezwa India ni nafuu zaidi, lakini hata huko gredi 1 ya kweli haiwezi kukufikia Kariakoo kwa laki tatu na nusu, winga akapata chake na mwenye duka akabaki na faida. Kwa hiyo kati ya "wilo ya Kiingereza" na "gredi 1", angalau moja si kweli. Hapo bado hatujasema kwamba gongo ni bovu. Tunajua tu kwamba maandishi yake hayaaminiki, kwa hiyo inabidi ulikague kama mbao isiyo na jina.

Mbao yenyewe ni hivi. Magongo ya mpira wa ngozi yanachongwa kutoka mti wa mwerebi, ambao wachezaji wote wanauita wilo. Unaosifika ni ule unaoitwa kitaalamu Salix alba 'Caerulea', unaopandwa zaidi mashariki ya Uingereza, sehemu za Essex na Suffolk, na kuvunwa ukiwa na miaka kama 15 hadi 20. Ni mbao nyepesi kuliko unavyoitegemea ukiitazama. Ikishakaushwa inakandamizwa kwa mashine, uso unakuwa mgumu huku ndani ikibaki na ulaini, na hapo ndipo mpira unapopata mruko. Wilo ya Kashmir ni ndugu yake wa karibu, ila ni nzito zaidi, rangi yake imeelekea kahawia na bei yake ni ndogo. Chini ya hizo kuna magongo ya popla, meupe na laini, yanayofaa kwa mpira wa tenisi au ule wa tepu (wa tenisi uliozungushiwa tepu) wanaopiga vijana vichochoroni Upanga, basi. Mpira wa ngozi wa wanawake una uzito wa gramu 140 hadi 151, na ni mgumu. Popla ikikutana nao ukingoni inaachia ufa siku hiyo hiyo.

Usiogope kuona gongo limeandikwa kwamba limetengenezwa India au Pakistan. Viwanda vya Meerut na Jalandhar kule India, na Sialkot kule Pakistan, vinaagiza mapande ya wilo kutoka Uingereza na kuyachonga kwao. Gongo la wilo ya Kiingereza lililochongwa Meerut ni halali kabisa, na mafundi wa kule ni hodari. Nimekutana na mzazi aliyekataa gongo zuri kwa sababu hiyo tu, halafu akanunua baya lililokuwa na bendera ya Uingereza kwenye stika.

Stika achana nazo kabisa. Seti nzima ya stika za kampuni yoyote kubwa inauzwa peke yake mtandaoni, tayari kwa kubandikwa. Hologramu nayo inachapishwa kama karatasi nyingine yoyote. Na hata kwenye gongo halali, jina linaloonekana kwenye televisheni ni tangazo la biashara. MRF, ambayo ilikaa kwenye gongo la Sachin Tendulkar na baadaye la Virat Kohli, nyota wa India, ni kampuni ya matairi ya Chennai. Namba ya gongo ina thamani pale tu kampuni yenyewe, au wakala wake rasmi, anapokuthibitishia kwamba ni yao. Namba ambayo huna pa kuiuliza haikusaidii kitu.

Sasa mkaguo wenyewe. Kama utapewa dakika moja tu, geuza gongo juu chini usome ncha. Ile mistari unayoihesabu usoni ni umri wa mti, kila mstari mwaka mmoja wa kukua. Pande la wilo limepasuliwa kwenye gogo kwa namna ambayo miaka hiyo inapita unene wote wa gongo, kutoka usoni hadi mgongoni. Kwa hiyo mstari wa kweli hauishii usoni. Weka ukucha juu ya mstari mmoja, karibu na chini. Ufuate ukishuka, ukunje nao kwenye ukingo wa ncha, uuvuke upana wa ncha, utokee nao mgongoni. Unatakiwa uupate njia nzima. Unaweza kuwa umepinda kidogo au umefifia, lakini upo. Fanya hivyo kwa mwingine, na mwingine. Ukikuta usoni kuna mistari kumi na miwili imenyooka vizuri, halafu ncha ni tupu, au ncha ina mistari michache inayolala upande mwingine kabisa, basi ile ya usoni imechorwa.

Hili wanalijua, ndiyo maana feki nyingi zinakuja na raba imebandikwa kwenye ncha, au ncha imepakwa rangi nzito. Raba si kosa, magongo mengi mazuri yanayo, inazuia maji ya nyasi kupanda kwenye mbao. Ikiwepo, hamia juu kwenye mabega, pale ubapa unapopungua kuelekea mpini. Pale mbao imekatwa mshazari na mistari inaonekana ikipita. Tumia pia kamera ya simu yako, vuta karibu mpaka mstari ujaze kioo. Mstari wa mti una unene usiolingana, mahali umekolea na mahali umefifia, na ukitazama vizuri unaona vitundu vidogo vya mbao kandokando yake. Uliochapishwa una upana mmoja kuanzia juu mpaka chini, na wino wake umekaa juu ya mbao.

Huo weupe uliokuvutia unanitia wasiwasi kuliko yote. Wilo haina rangi moja. Hata ile nzuri sana ina sehemu za krimu, sehemu zilizokoza kidogo, kitone hapa na pale. Kuna viwanda vinavyopausha kwa dawa mbao ya gredi ya chini ili ifanane, na hilo si siri katika biashara hii. Kinachokuwa udanganyifu ni kuipausha Kashmir au gredi ya nne halafu kuiuza kama gredi 1. Linganisha uso na ndani ya mabega, na ncha, na pale chini ya gripu, ile raba inayovikwa mpini, ambapo dawa haifiki vizuri. Uso mweupe kama ulivyousema na mabega ya kahawia havitoki kwenye mbao ambayo haijaguswa.

Hata neno gredi lenyewe lisikutawale. Hakuna chombo cha kimataifa kinachopanga gredi za magongo. Kila kampuni inapanga kwa jicho lake, na inachotazama zaidi ni sura: mistari mingapi, imenyooka kiasi gani, kuna doa au hakuna. Gongo la gredi 3 linaweza kupiga sawasawa na la gredi 1 lililolala pembeni yake. Mistari mingi maana yake mti ulikua taratibu. Gongo la namna hiyo huwa linafunguka mapema, likapiga vizuri tangu mwanzo, lakini mara nyingi linachoka mapema pia. Lenye mistari sita au saba linachukua muda kulainika, kisha linadumu. Kwa mtoto anayeanza ningechagua la pili bila kufikiri mara mbili.

Na hapo ndipo linapoingia lile doa jekundu la gongo la Upanga. Hicho ni kiini cha mti. Wilo ina sehemu ya nje nyeupe na ya ndani yenye wekundu, na pande likikatwa karibu na katikati linabeba ukanda wa kiini upande mmoja. Linashusha gredi kwa sababu ya sura tu. Sehemu hiyo huwa nzito na ngumu kidogo kuliko nyingine, lakini si ugonjwa wala uozo. Uozo unaujua kwa kidole: unabonyea, unaacha unga, una harufu ya uvungu, na huku kwetu pwani, hasa baada ya masika, unakuja na vidoa vyeusi vya ukungu. Kama doa la Upanga ni kavu, gumu, na linafuata mstari wa mbao kutoka juu hadi chini, mimi linanipa imani zaidi. Anayegushi hachori doa.

Turudi Kariakoo, kwenye ubovu uliojificha. Omba gongo litolewe kwenye mfuko wake wa plastiki. Asiyekubali, ondoka. Washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na uso wa gongo ili mwanga upite juu ya mbao kwa ubavu, halafu tembeza taratibu kutoka mabegani hadi ncha. Mbao iliyo sawa inapokea mwanga sawasawa. Ufa unatupa kivuli chembamba. Puti inajionyesha kwa njia nyingine: haina mistari. Utaona mstari wa mti unashuka, unafika mahali unakatika sentimita moja au mbili, kisha unaendelea. Pale katikati kulikuwa na kifundo, tundu la mdudu au ufa, pakajazwa vumbi la mbao na gundi, pakapigwa msasa. Kitundu kidogo mgongoni juu hakina shida kubwa. Puti kwenye eneo la kupigia, yaani kuanzia kama sentimita 10 hadi 25 kutoka ncha, au ukingoni, mrudishie mwenyewe. Mpira wa ngozi utaing'oa.

Tazama pia stika zimekaa wapi. Stika pana iliyobandikwa chini kuliko kawaida, au ile inayokunja kutoka usoni mpaka ukingoni, mara nyingi kuna kitu imefunika. Pitisha kidole juu yake kwa kubonyeza. Karatasi angavu inayofunika uso wote inahitaji jicho hilo hilo: chini yake kukiwa na ukungu mweupe wenye umbo la mstari, au kiputo kirefu kinachofuata mbao, hapo kuna ufa unaopumua.

Sehemu ninayoikagua kwa muda mrefu kuliko zote ni kiungo cha mpini, kwa sababu kikifa hicho gongo zima limekufa, hata mbao iwe nzuri vipi. Mpini unatengenezwa kwa henzirani iliyounganishwa vipande vipande, katikati kukiwa na tabaka za raba au gome laini la koki za kupunguza mtikisiko, na unaingia kwenye ubapa kwa umbo la V. Kinachoushika ni gundi. Omba gripu ikunjwe juu kidogo ili uone ile V ikianzia wapi. Mshono unatakiwa uwe mwembamba kiasi kwamba ukucha hauingii. Ukiona gundi imejaa kwenye pengo, ujue V ilichongwa vibaya na gundi inafanya kazi ya mbao. Baada ya hapo weka ncha juu ya kiatu chako, mkono mmoja mwisho wa mpini, mwingine mgongoni katikati ya ubapa, na sukuma kwa upole. Mpini kupinda kidogo ni sawa, umeumbwa hivyo. Unachosikiliza ni mlio. Ukisikia kwichi, hata mara moja, gundi imeachia. Fanya hivyo sikio likiwa karibu, maana Kariakoo kelele ni nyingi na muuzaji atakuwa anaongea muda wote.

Kisha funga jicho moja kama seremala anayekagua ubao, tazama kutoka mwisho wa mpini kuelekea ncha. Mpini na ubapa viwe kwenye mstari mmoja, na kingo mbili ziwe na unene unaolingana. Ubapa uliojipinda kidogo kwa kukauka vibaya utamfundisha binti yako kupiga mpira pembeni, na kocha atahangaika kumrekebisha mtoto wakati kosa liko kwenye mbao.

Uzito. Kilo 1.18 iliyoandikwa haitakugharimu chochote kuipima: karibu kila duka la nafaka Kariakoo lina mizani ya kidijitali. Gongo la Kashmir lenye kingo nene na saizi ya mtu mzima mara nyingi linapita kilo 1.25, na ukikuta mizani inasema 1.3 wakati stika inasema 1.18 umeshapata jibu kuhusu mbao na kuhusu muuzaji kwa pamoja. Kinyume chake nacho kipo. Gongo nene sana lakini jepesi ajabu linaweza kuwa limechimbwa sana mgongoni, au mbao imekaushwa kupita kiasi. Mapande ya wilo hukaushwa mpaka unyevu ubaki kama asilimia 10 hadi 12. Ukiukausha zaidi ya hapo unapata gongo jepesi linalopendeza mkononi na kupasuka kama kuni. Magongo yaliyoning'inizwa dirishani yakipigwa jua miezi mingi yanaishia hapo hapo, hata kama kiwanda hakikukosea.

Mizani isikutoshe lakini, kwa sababu mtoto hapigi kwa mizani. Binti yako ashike gongo kwa mkono wa juu peke yake, alinyooshe mbele, ahesabu polepole mpaka kumi. Mkono ukianza kutetemeka kabla hajamaliza, ni zito kwake. Na hapa naomba unisikilize, mzazi: kwa urefu wa sentimita 160 binti yako yuko kati ya saizi 6 na Harrow, na uzito wa kilo 1.0 hadi 1.1 hivi. Gongo la mtu mzima, hata lingekuwa halali na la bure, lingemchelewesha. Angelishika chini kabisa ya mpini, angechelewa kufika kwenye mpira, na angejifunza kupiga kwa mabega. Gongo la Kariakoo lilikuwa limeshashindwa hapo, kabla ya habari ya feki.

Chukua na rula. Tangu Oktoba 2017 sheria za kriketi zinataka gongo lisizidi upana wa sentimita 10.8, unene wa 6.7, na kingo zisizidi 4.0. Magongo ya mpira wa tepu huwa yanachongwa kingo nene kuliko hapo kwa sababu huko hakuna anayepima, halafu yanaletwa dukani yakiuzwa kama ya mpira wa ngozi. Kingo za sentimita 4.5 zinavutia macho ya mnunuzi mgeni, lakini mwamuzi akipima atakwambia ulirudishe kwenye begi.

Mwisho wa ukaguzi, sauti. Omba mpira wa ngozi wa zamani au nyundo ya mbao. Shika gongo kwa vidole viwili juu ya mpini, likae huru, gonga kwa upole kutoka ncha kupanda juu, katikati, kisha kila upande. Kwenye eneo la kupigia sauti inapanda na kuwa wazi, na mpira unaruka wenyewe. Kuelekea mabegani inashuka taratibu. Mabadiliko ya taratibu ni ya kawaida. Kinachokwambia kuna tatizo ni sauti kuzimika ghafla mahali pamoja, au upande mmoja kulia tofauti kabisa na mwingine, au mtetemo kama wa kitu kilicholegea ndani. Gongo jipya ambalo halijagongwa litakuwa na sauti ngumu kidogo, hilo lisikutishe.

Kuna aina ya udanganyifu ambayo watu hawaifikirii: gongo kuukuu linalouzwa kama jipya. Linapigwa msasa, linapakwa mafuta, linapewa stika mpya na gripu mpya. Ninavyolitambua ni kwa alama za mshono wa mpira. Mshono unapogonga mbao unaacha vijino vidogo vilivyopangana, na vijino hivyo vinazama ndani kuliko msasa unavyofika. Laza tochi kwa ubavu, utaviona. Tazama pia rangi nyekundu ya mpira iliyonasa kwenye mistari karibu na kingo, na uso uliobonyea katikati kwa sababu umesuguliwa zaidi pale.

Sasa gongo la Upanga. Kutumika misimu miwili kwa gongo la mtoto si umri mkubwa, na faida yake ni kwamba limeshajaribiwa: lingekuwa la kupasuka kwa haraka, lingekuwa limeshapasuka. Tazama alama nyekundu za mpira zimekusanyika wapi. Zikiwa katikati ya eneo la kupigia, yule kijana alikuwa anapiga vizuri na gongo lilitumika inavyopaswa. Zikiwa nyingi kwenye kingo na ncha, kagua sehemu hizo mara mbili. Kwenye uso utakuta nyufa nyembamba kama nywele zinazofuata mistari ya mbao. Hizo ni kawaida kwa gongo linalofanya kazi. Zinazoua ni zile zinazokatiza mistari kwa upande, hasa mgongoni, na zile za mabegani karibu na kiungo.

Hoja iliyobaki ni ile tepu, na hapo usikubali maelezo ya mdomo. Wengi wanafunga tepu chini kama kinga tangu siku ya kwanza, kwa hiyo haimaanishi lazima kuna ufa. Lakini lazima itolewe ukiwepo. Waombe wenyewe waitoe, taratibu, wakivuta kufuata mistari ya mbao na si kuikatiza, maana gundi ya tepu inaweza kung'oa nyuzi. Ikishatoka, pitisha kidole gumba usoni ukishuka mpaka ncha. Ukisikia mbao inapanda, kama kuna tuta dogo kabla ya mwisho, ncha ilikunywa maji ikavimba, na haitarudi kuwa ilivyokuwa. Kama hakuna tuta, tazama nyufa. Ufa mmoja unaofuata mstari, usiozidi sentimita tatu, unatibika: fundi anaingiza gundi nyembamba, anabana usiku kucha, anafunga uzi au tepu ya fiba, na gongo linaendelea. Gharama hiyo iombe ipunguzwe kwenye bei. Nyufa mbili zinazoelekea kukutana, zikizunguka kipande kinachocheza ukikigusa, ni kipande kitakachotoka kwenye mechi. Hapo usinunue hata kwa nusu ya bei.

Kabla ya kulipa, waombe Upanga wakuruhusu ulipeleke mazoezini kwa binti yako, kocha aliguse, arushiwe mipira michache ya taratibu. Familia inayohama kwa kawaida haina shida na hilo. Kama kocha wake hana muda, nenda siku ya mechi kwenye uwanja wa Gymkhana au Annadil Burhani, umwombe mchezaji yeyote mzoefu alishike kwa dakika tano. Wachezaji wa kriketi wa mji huu wanapenda sana kuulizwa kuhusu magongo.

Na siku ukinunua dukani, gongo lolote, dai risiti ya EFD, na omba aina ya mbao iandikwe kwenye karatasi ya duka: "gongo la kriketi, wilo ya Kiingereza" au "wilo ya Kashmir". Nimeona mara nyingi muuzaji anayeapa kwa mdomo akisita kalamu ikifika hapo. Karatasi hiyo ndiyo utakayoishika ukienda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Pesa usimtumie winga kwenye simu yake. Lipa kwa namba ya duka, jina litoke sawa na lililo kwenye risiti.

Kwa hiyo, la Kariakoo liache. Kuna uongo kwenye maandishi yake, na saizi si yake. Nenda Upanga. Tepu ikitoka na ncha ikawa safi, na kama mbao ni wilo ya Kiingereza, 180,000 kwa Harrow iliyokwisha kulainika ni bei nzuri, wala usibishane sana. Ncha ikiwa mbovu, tafuta Kashmir mpya ya saizi 6, isiyopaushwa, inayokubali kwamba ni Kashmir. Hiyo itakugharimu pungufu sana ya laki tatu na nusu na itamvusha msimu wake wa kwanza bila shida, ila ujue ni jipya: litataka kugongwa kwa nyundo ya mbao kwa saa kadhaa, kidogo kidogo kwa siku nyingi, kabla halijaguswa na mpira mpya.

La Upanga halihitaji kugongwa upya. Kama uso hauna karatasi angavu, lisugue kwa msasa laini, lipake mafuta mabichi ya kitani, si yale yaliyochemshwa wanayotumia maseremala. Kijiko kimoja cha chai kinatosha uso, kingo na ncha, usiguse kiungo cha mpini. Lilaze usiku mmoja uso ukiangalia juu, na usiliache ndani ya buti ya gari mchana. Joto la Dar kwenye buti iliyofungwa linakausha mbao haraka kuliko msimu mzima wa kucheza.